Ukimya wa Nyumba ya Shangazi

Saa nne asubuhi, fundi wa kuchomelea anazima mashine yake, anavua miwani na kwenda kunywa chai. Upande wa pili wa ukuta, mwanamke kijana aliyevaa viatu vya kiume, namba mbili zaidi ya mguu wake, anaingia kwenye sinia la kokoto na kuanza kutembea.

Haendi popote. Anapiga hatua palepale, macho kwenye skrini, ambako mwanamume mnene aliyevaa suti anavuka uwanja bila kutoa sauti yoyote. Mwanamume akiharakisha, naye anaharakisha. Mwanamume akisimama kujikuna, naye anasimama, ananyoosha mkono na kukwaruza kwa kucha koti lililotundikwa karibu na maikrofoni.

"Hata kujikuna kuna sauti yake," anasema bila kugeuka. "Ukiisahau, mtazamaji hajui kilichokosekana, ila anaanza kumwona yule mtu ni wa uongo."

Kisha ananyamaza ghafla na kuinua kidole. Nje, mashine imenguruma tena. Anatoka kwenye sinia, anavua viatu na kuketi.

"Leo kanywa haraka," anasema. "Siku akipata mtu wa kupiga naye soga hapo kwenye chai, mimi namaliza kazi ya wiki."

Mtaani wanamjua kwa jina la Binti Viatu. Alipewa na wauza mitumba, ambao kila mara humwona akigonga viatu vikuukuu sakafuni, akivitegea sikio, kisha akinunua vile vyenye soli iliyolegea na kuviacha vizima. Mmoja wao alimuuliza kama nyumbani kuna mgonjwa. Ana miaka ishirini na sita, na ana shahada ya utengenezaji wa filamu, upande wa sauti. Kazi yake ni kurudishia filamu zile sauti ndogondogo ambazo maikrofoni za uwanjani hazikuzinasa vizuri: nyayo, vitasa, nguo, vikombe.

Rafu za chumba chake zingemshangaza mwizi. Kuna bawaba yenye kutu iliyopigiliwa kwenye ubao, ambayo ndiyo kila mlango unaolia katika filamu zake. Kuna koti la mvua, mkoba wa kike wenye vishikizo vitatu, na mwavuli uliovunjika ambao ukifunguliwa na kufungwa harakaharaka unakuwa ndege anayeruka. Kuna karoti pia, kwa sababu karoti ikivunjwa ni mfupa. Ikishavunjwa huliwa.

Chumba hicho si chake. Ni cha mpango wa ufadhili unaochukua wahitimu kumi wa sanaa na ubunifu kila mwaka, waliotoka vyuoni wakiwa na vyeti na bila pa kuanzia. Mhitimu hupewa chumba cha kazi, posho ya mwezi na mlezi mmoja aliyebobea katika fani yake. Naye hutakiwa kumaliza kazi moja na kuionyesha mbele ya jopo mwaka unapokwisha. Jopo huchagua watatu wa kuendelea mwaka wa pili, safari hii wakipewa vifaa vya kuwa vyao. Waliobaki hurudisha ufunguo.

Posho ni kama nusu ya mshahara wa mwalimu anayeanza kazi. Binti Viatu haidharau. Kabla ya hapo alikaa miaka miwili akiwafanyia kazi watu wanaokodisha vipaza sauti vya harusi.

"Shahada yangu ilikuwa ya sauti, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha nyaya hazimwangushi bibi harusi," anasema. "Nilikuwa nakunja nyaya mpaka naziota. Nilipopata ufadhili nilijiambia, hapa sirudi nyuma. Nikirudi tena kwenye zile nyaya, sitoki."

Baba yake, dereva wa lori aliyestaafu, hana maneno mengi juu ya jambo hilo. Akiulizwa binti yake anafanya kazi gani, hujibu kwamba amesomea kelele.

Lakini kilichokaribia kumrudisha kwenye nyaya hakikuwa kelele. Kilikuwa ukimya.

Kazi ya kuonyesha jopo ilikuwa filamu fupi aliyoifanya na mnufaika mwenzake, kijana mwongozaji mwenye haraka ya mtu aliyeacha jiko linawaka. Kisa kilikuwa cha mpangaji na mama mwenye nyumba wanaogombana kwa miaka hadi kila mmoja anashindwa kuishi mbali na mwenzake. Walihitaji nyumba ya zamani yenye chumba kikubwa na mwanga wa dirisha moja. Binti Viatu akasema anaijua nyumba ya namna hiyo. Ilikuwa ya shangazi yake.

Shangazi ni mjane wa miaka sitini na kitu, dada mkubwa wa baba yake, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Ndiye aliyemlea Binti Viatu wakati baba yuko safarini na lori. Alikubali kukodisha nyumba yake kwa malipo kidogo na sharti moja, kwamba hakuna atakayepanda kwenye kochi na viatu.

Asubuhi ya siku ya kupiga picha, mwigizaji wa nafasi ya mama mwenye nyumba hakutokea. Alikuwa amepata tangazo la sabuni, na tangazo la sabuni hulipa. Mwongozaji alishika kichwa. Alipoinua macho, akamwona shangazi mlangoni, mkono kiunoni, akiwaelekeza vijana wa taa pa kuweka viatu vyao.

"Mwenye nyumba si huyu hapa?" akasema.

Shangazi alikubali kabla hajamaliza kuombwa. Alikwenda kubadilisha kanga na kurudi amejipaka wanja.

Kilichofuata watu waliokuwepo wanakisimulia hadi leo. Shangazi alikuwa na uso uliopendwa na kamera, na mwendo wa mtu mwenye mali yake. Shida ilikuwa maneno. Mwongozaji akisema "anza", shangazi anatazama mabati ya juu, anatulia, na chumba kizima kinangoja. Kisha anasema: "Jamani, yamenitoka."

Yalimtoka mara nyingi. Alipofika pale pa kumfukuza mpangaji, yalimtoka kila mara. Akikumbushwa anayasema yote vizuri jikoni, akirudi mbele ya kamera anatazama mabati. Jua lilikuwa linahama dirishani na mwongozaji alikuwa akilipigia hesabu.

"Bora tungesubiri mwigizaji," alimnong'oneza mpiga picha. "Na hizo zilizoharibika zifutwe, zinatujazia kadi bure."

Alinong'ona vibaya. Shangazi, ambaye mbele ya kamera hakukumbuka neno, hilo alilishika lote. Siku hiyo alimaliza sehemu yake, akaenda jikoni na kubaki huko.

Katika kazi ya sauti kuna desturi moja ambayo hufundishwa mwaka wa kwanza chuoni. Mkimaliza kupiga picha mahali, kabla hamjakunja hata waya mmoja, watu wote husimama walipo, hawasemi, hawasogei, na mwenye sauti hurekodi ukimya wa mahali hapo kwa dakika moja hivi. Kwa asiyeijua kazi, huo ni wazimu. Watu wazima kumi na wawili wanatazamana kama waliofumwa, wakirekodi hewa tupu.

"Hakuna chumba kisicho na sauti," Binti Viatu anaeleza. "Hiki tulichomo kina yake. Ukikata neno la mwigizaji ukaweka jingine, katikati panabaki tundu. Lile tundu sikio linalisikia palepale, kama feni iliyozimika ghafla. Sasa unaziba na nini? Unaziba na ukimya wa chumba hichohicho. Ukimya wa chumba kingine ni kiraka cha rangi nyingine."

Jioni ile mwongozaji alipotangaza kuwa wamemaliza, Binti Viatu alivaa hedifoni zake na kufungua mdomo kuwaambia watu wasimame. Sauti ya shangazi ikamtangulia kutoka jikoni: "Mwanangu! Njoo ugawe chakula, wageni wana njaa!"

Akavua hedifoni.

"Watu wananiuliza, ulisahauje kitu cha mwaka wa kwanza?" anasema. "Sikusahau. Lakini pale kwa shangazi mimi si mtu wa sauti, mimi ni mtoto wa nyumba. Wageni wana njaa, shangazi amesimama na mwiko, halafu nimwambie subiri kwanza narekodi ukimya? Nilisema nitarekodi baadaye. Baadaye watu walishiba, wakaanza kucheka, gari likaja, tukaondoka."

Kiraka kilihitajika wiki tatu baadaye, kikakosekana. Alikuwa chumbani kwake akipanga maneno ya shangazi, yaliyolazimika kukatwa na kuunganishwa kwa sababu hakuna mara hata moja aliyoyasema yote kwa mfululizo. Kila kiungo kilikuwa na tundu. Mlezi wake, mhariri wa sauti mwenye miaka ishirini kazini na ulimi usiositiri, alisikiliza dakika mbili tu.

"Ukimya wako uko wapi?"

"Nitaufuata, dada. Nyumba ni ya shangazi, haiendi popote."

"Basi ufuate kesho. Hivi ilivyo haionyeshwi kwa mtu. Mimi mwenyewe nikiwa kwenye jopo, ningekunyima."

Kesho yake akaenda na vifaa begani. Alipiga hodi, akamwamkia shangazi, akaingia, akainua macho. Juu hapakuwa na mabati. Palikuwa na dari, nyeupe, mpya, ukuta hadi ukuta.

"Umeionaje?" shangazi aliuliza kwa fahari. "Miaka yote naitamani. Zile pesa mlizonilipa ndizo zimeipiga."

Binti Viatu alipiga kofi moja katikati ya chumba. Zamani kofi lilikuwa linapanda juu na kurudi limechelewa kidogo. Sasa lilifia palepale. Mlio wa mabati yanayotanuka kwa jua, ambao ulikuwa chini ya kila neno la filamu ile, haukuwepo tena. Nyumba waliyoipiga picha ilikuwa imekwisha, na aliyelipia kuimaliza ni wao wenyewe.

Alijaribu kila njia. Alikwenda kwenye ghala la mabati la jirani, likawa kubwa mno. Aliomba chumba cha darasa la shule isiyo na dari, rekodi ikanasa popo. Aliwaza kuondoa maneno ya shangazi na kumwingizia sauti ya mtu mwingine, na mwongozaji alilipenda wazo hilo kuliko lilivyostahili. Hapo, Binti Viatu anakiri, alikasirika kweli.

"Nilimwambia, huyo amenilea. Uso wake utoke na sauti ya mtu mwingine, halafu nimkalishe ukumbini atazame? Bora nirudishe ufunguo."

Ilibaki wiki moja na siku kadhaa jopo likutane. Mwongozaji aliacha kupokea simu zake. Binti Viatu alirudi kwa shangazi, safari hii bila vifaa, akakaa kwenye kochi na kueleza yote, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumlilia.

Shangazi alisikiliza. Alitazama dari yake. "Basi tuing'oe," akasema.

"Nini?"

"Dari. Fundi aliyeipigilia yupo. Aing'oe, urekodi vitu vyako, airudishe."

"Shangazi, acha. Ukiing'oa imevunjika."

"Sasa mimi nifanye nini? Najua filamu yenu niliiharibu mimi. Yule kijana alisema, nilimsikia." Shangazi alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. "Na huo ukimya unaoutafuta siuelewi. Siku ile ulikuwepo ukimya gani? Watu walikuwa wanagombana kutwa nzima. Aliyenyamaza ni mimi peke yangu. Kila nikifika pale pa kumfukuza yule mpangaji, maneno yananitoka, natazama mabati, watu wote kimya wananingoja mimi. Nilikuwa nataka nizame ardhini."

Binti Viatu akasimama, akambusu shangazi shavuni na kukimbia bila kuaga vizuri.

Zile rekodi zilizoharibika, ambazo mwongozaji alisema zifutwe, hakuzifuta. Sababu si ya kitaaluma. Alikuwa amezihifadhi ili aziweke kwenye spika siku ya harusi ya binamu yake, ukoo mzima umcheke shangazi.

Alizifungua zote. Mwongozaji: "Anza." Kisha chumba. Mabati yanalia taratibu kwa jua, upepo kidogo dirishani, watu kumi na wawili wanazuia pumzi kwa adabu. Kisha: "Jamani, yamenitoka." Rekodi nyingine: "Anza." Chumba. "Jamani." Nyingine tena. Mahali shangazi alipohema, alikata. Mahali bangili zilipogongana, alikata. Kilichobaki alikiunganisha kipande kwa kipande, akapata ukimya wa dakika moja na ziada, wa nyumba ambayo haipo.

"Nililia," anasema, na hapo anacheka. "Hedifoni masikioni, nalia, na fundi wa kuchomelea mlangoni anauliza kama ameniunguzia kitu."

Siku ya jopo, ukumbi mdogo ulijaa. Shangazi alikaa safu ya pili katika kanga ileile ya filamu, mkoba mapajani. Sehemu yake ilipofika alinyoosha shingo. Alijiona akimfukuza mpangaji, maneno yote mahali pake, hakuna lililomtoka. Haikuchukua hata dakika mbili. Taa zilipowaka alichukua mkoba wake akatoka.

Mlezi alimpita Binti Viatu mlangoni akamshika bega. "Sijasikia kitu," akasema, akaenda zake. Katika kazi ile hakuna sifa iliyo kubwa kuliko hiyo.

Shangazi alikuwa nje, anatafuta usafiri. "Mmenikata sana," alisema. "Sikulaumu. Niliyaharibu."

Binti Viatu akamweleza, pale pale barabarani. Kwamba kila anapozungumza mtu yeyote ndani ya nyumba ile, mpangaji, mtoto, hata jirani, katikati ya maneno yao kuna yeye. Kwamba zile mara zote alizosahau ndizo zimeishikilia filamu tangu mwanzo hadi mwisho.

"Mbona sijazisikia?"

"Hazitakiwi zisikike, shangazi. Zikisikika tumekosea."

Shangazi alifikiri. "Kwa hiyo mmenilipa kwa kunyamaza," akasema. "Marehemu mume wangu angekuwepo leo! Angedai fidia ya miaka thelathini aliyonyamaza yeye." Akacheka mpaka watu wakageuka, kisha akafuta macho kwa ncha ya kanga, na kufuta kwenyewe kukachukua muda.

Jopo lilichagua watatu. Mchongaji mmoja, mchora katuni mmoja, na Binti Viatu. Mwongozaji hakuchaguliwa. Alirudisha ufunguo wake, na kwa sasa anapiga picha za video za mahafali akisubiri mwaka mwingine. Ndiye wa kwanza aliyempigia Binti Viatu simu kumpongeza, jambo ambalo Binti Viatu anataka liandikwe.

Kwa mwaka wa pili ameomba kinasa sauti cha kubebeka kuliko kitu kingine chochote. Anataka kupita nyumba kwa nyumba, kwa ruhusa za wenyewe, akirekodi ukimya wa vyumba vya zamani kabla havijapigwa dari, kuwekwa vigae au kubomolewa, ili wenzake wanaokuja wasije wakatafuta chumba ambacho hakipo. Orodha ya nyumba za kuanzia ni shangazi anayeipanga, na inaelekea kuanza na za marafiki zake wote.

Filamu ya pili nayo iko njiani. Yuleyule mwongozaji ameiandika, na safari hii ameandika nafasi ya mama mwenye duka akimfikiria mtu mmoja tu. Alikwenda mwenyewe kumwomba, akavua viatu mlangoni.

Nje, mashine ya kuchomelea inazimika. Binti Viatu anachukua viatu vyake, na simu inaita. Ni shangazi, na sauti yake haihitaji spika. Anasema ameshayasoma maneno ya ukurasa wa kwanza, ameyasema mbele ya kioo, mbele ya jirani na mbele ya kuku, na safari hii hatawaangusha, hakuna hata moja litakalomtoka.

Binti Viatu anaingia kwenye sinia la kokoto, simu sikioni.

"Sawa, shangazi," anasema. "Lakini usiyashike yote."